Kisa cha Boston: namna mauaji ya vijana yalivyopungua, na namna yalivyorudi

Majina yalikuwa 155, yote ya watu wenye umri usiozidi miaka 21, waliouawa katika jiji la Boston, Marekani, kwa risasi au kisu kati ya mwaka 1990 na 1994. Mwaka 1995 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Harvard, David Kennedy, Anthony Braga na Anne Piehl, waliyaweka majina hayo mezani mbele ya watu ambao kwa kawaida hawaketi pamoja: askari wa kitengo cha magenge, maafisa wa probesheni wanaosimamia wenye vifungo vya nje, na wafanyakazi wa manispaa ambao kazi yao ilikuwa kuzunguka mitaani na kuzungumza na vijana. Jina linasomwa, kisha linafuata swali: huyu aliuawa kwa sababu gani? Hawakuulizwa jalada linasema nini. Jalada la polisi lina saa, mtaa, aina ya risasi na jina la mtuhumiwa kama amepatikana. Kilichotafutwa ni yale yasiyoandikwa: marehemu alikuwa mtu wa kundi gani, kundi hilo lina ugomvi na nani, na ugomvi wenyewe ulianzia wapi.

Vikao vilipokwisha, mauaji ya Boston yalionekana kwa sura nyingine kabisa. Takriban asilimia 60 ya vifo hivyo vilitokana na magenge, na hayakuwa magenge makubwa ya aina ya Los Angeles au Chicago yenye ngazi za uongozi na matawi kila jimbo. Yalikuwa makundi 61 ya vijana wa mtaa mmoja, kona moja au jengo moja, mengine yakiwa na watu wasiofika 20. Ukiwajumlisha wote, walikuwa kati ya 1,100 na 1,300 katika jiji lenye watu zaidi ya laki tano na nusu. Hawakufika hata asilimia moja ya vijana wa Boston. Sababu ya vifo, mara nyingi, haikuwa soko la unga kama magazeti yalivyokuwa yakiandika. Ilikuwa kisasi. Huyu kampiga yule, yule kamrushia risasi huyu, na kila upande unatembea na bastola kwa sababu unajua mwingine anayo.

Watafiti walipopekua kumbukumbu za mahakama, ramani ikabana zaidi. Robo tatu ya waliouawa walikuwa wamewahi kufikishwa mahakamani, na kwa waliowaua hali ilikuwa hiyo hiyo. Wale wenye rekodi walikuwa wameshasomewa mashtaka mara zaidi ya 9 kwa wastani. Muuaji mmoja kati ya wanne alikuwa chini ya probesheni siku alipoua, maana yake alikuwa ameshahukumiwa kutumikia adhabu yake nje ya gereza akisimamiwa na afisa wa serikali. Yaani dola ilikuwa inawajua watu hawa kwa majina, kwa anwani na kwa jina la mama. Ilichokuwa haijafanya ni kuwaambia jambo moja likaeleweka.

Naona hapo ndipo kisa hiki kinapoanza kuwa na maana kwa mtu yeyote anayefuatilia usalama wa miji ya Marekani. Mjadala wao mara nyingi huendeshwa kana kwamba kuna njia mbili tu, mkono wa chuma au mkono wa huruma, na kila uchaguzi wa meya huwa ni kuchagua kati ya hizo. Boston ya miaka ile ilizijaribu zote mbili kabla ya 1995, na zote ziliishia kuongeza chuki au kutumia fedha kwa watu wasiohusika.

Mkono wa chuma kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kokeini ya kuvuta iliingia Roxbury, Dorchester na Mattapan, mitaa ya watu weusi kwa sehemu kubwa, na bastola zikaingia pamoja nayo. Agosti 1988 msichana wa miaka 12 aliuawa kwa risasi isiyomlenga, akiwa amekaa juu ya sanduku la posta huko Roxbury. Jiji lilitaka mtu wa kubeba kesi hiyo na polisi wakampata. Kijana aliyehukumiwa kifungo cha maisha alikuja kuachiwa mwaka 2003, baada ya mahakama kutengua hukumu, akiwa ametumikia karibu miaka 15. Kisha, Oktoba 1989, Charles Stuart, mzungu mwenye kazi nzuri, alipiga simu akisema mtu mweusi amevamia gari lake karibu na mtaa wa Mission Hill, amempiga risasi yeye na mkewe mjamzito. Mke akafa, mtoto naye akafa siku 17 baadaye. Polisi wakaingia Mission Hill, wakawasimamisha vijana weusi barabarani na kuwapekua mmoja baada ya mwingine, wengine wakivuliwa nguo hadharani. Walishawapata hata washukiwa wawili. Januari 1990 mdogo wake Stuart alipoanza kusema ukweli, Stuart alijirusha kutoka daraja la Tobin. Aliyemuua mke alikuwa mume. Jiji liliomba radhi rasmi kwa washukiwa wawili wa wakati ule Desemba 2023, kupitia Meya Michelle Wu, miaka 34 baadaye.

Mwaka huo huo wa 1990 Boston ilihesabu mauaji 152, idadi ambayo jiji halijaifikia tena. Kwa hiyo polisi waliokuwa wakihitaji mashahidi kuliko wakati wowote walikuwa ndio kwanza wameitukana mitaa yenye mashahidi hao. Sioni haja ya nadharia ndefu kueleza kwa nini watu walinyamaza.

Mei 1992 jambo lilitokea ambalo hata wazee wa mitaa ile hawakuwa wamelitarajia. Katika kanisa la Morning Star Baptist, Mattapan, waombolezaji walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya kijana aliyeuawa kwa risasi zilizofyatuliwa kutoka kwenye gari. Wakati ibada ikiendelea, vijana wa genge waliingia, wakamvamia mmoja wa waliohudhuria, wakampiga na kumchoma visu ndani ya kanisa. Watu walikimbilia chini ya viti. Wachungaji wa madhehebu mbalimbali walikutana kuulizana wafanye nini, na kutokana na mikutano hiyo ukazaliwa muungano wa TenPoint Coalition, ukiongozwa na watu kama Eugene Rivers, Ray Hammond na Jeffrey Brown. Walianza kutembea usiku wa Ijumaa katika mitaa yenye fujo, wakazungumza na vijana ambao hawajawahi kuingia kanisani na hawakuwa na mpango huo.

Rivers alikuwa mtu wa maneno makali. Aliwashambulia polisi kwa ubaguzi na ukatili, na kwa pumzi hiyo hiyo aliwaambia wazazi weusi kwamba wapo vijana wachache ambao mahali pao ni jela. Wengi hawakupenda nusu ya kwanza ya maneno yake, na wengine hawakupenda nusu ya pili. Ila kwa sababu alizisema zote mbili, polisi walipokuja kumkamata mtu ambaye wachungaji wenyewe walikuwa wameshamwonya, mtaa haukulipuka. Christopher Winship, mwanasosholojia wa Harvard aliyeufuatilia uhusiano huo kwa miaka mingi, aliwaeleza wachungaji hawa kama mwavuli: chini yake polisi waliweza kufanya kazi halali bila kushukiwa, na wakitoka nje ya mwavuli kwa kufanya uonevu walilowana hadharani. Nimetafuta mfano bora kuliko huo sijaupata.

Upande wa huruma nao ulikuwa na shida yake. Kulikuwa na kazi za likizo, vituo vya vijana, michezo ya usiku, na fedha za serikali kuu za kuzuia uhalifu. Ni mambo mema, na mtoto wa Roxbury anayapenda kama mtoto mwingine yeyote. Tatizo ni kwamba aliyejitokeza kujaza fomu ya kazi ya likizo, kwa kawaida, si yule mwenye bastola na kisasi cha wiki iliyopita. Mipango ilihesabu vijana iliowafikia kwa maelfu. Wale 1,300 hawakuwemo.

Kati ya huruma na chuma kulikuwa na jaribio moja dogo ambalo ndilo lililofungua njia. Mwaka 1992, katika korido za mahakama ya Dorchester, maafisa wawili wa probesheni na askari wawili wa kitengo cha magenge walianza kulalamikiana. Maafisa wa probesheni walikuwa wakikaa ofisini mchana wakisubiri vijana waje kuripoti, ilhali amri za mahakama zilisema vijana hao wawe nyumbani ifikapo jioni, na hakuna aliyekwenda kuangalia. Askari kwa upande wao walikutana na vijana hao barabarani usiku wa manane bila kujua nani yuko chini ya amri gani. Wakaamua kupanda gari moja. Mpango ukaitwa Night Light. Novemba 1992 walianza kubisha hodi usiku kwenye nyumba za walio chini ya probesheni, na jambo ambalo hawakulitegemea ni kwamba akina mama wengi waliwafungulia na kuwashukuru. Mama hakuwa na nguvu ya kumzuia mwanawe wa miaka 17 asitoke. Sasa kijana mwenyewe alikuwa na kisingizio cha kuwaambia wenzake: mimi siwezi kuja, wale jamaa wanapita kwangu.

Hicho kisingizio kina uzito kuliko kinavyoonekana. Vijana wengi waliobeba silaha walibeba kwa hofu, na wengi walioingia kwenye kisasi waliingia kwa sababu kukataa mbele ya wenzao ni kujitangaza mwoga. Mtu anayetafuta mlango wa kutokea anahitaji mlango ambao haumwaibishi.

Wale watafiti wa Harvard waliingia hapo. Mradi wao, uliofadhiliwa na taasisi ya utafiti ya Wizara ya Sheria, mwanzoni ulilenga bunduki zaidi kuliko watu. Jiji zima liliamini kwamba bastola zote zinatoka majimbo ya kusini yenye sheria legevu. Rekodi za ufuatiliaji zilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya zile zilizoweza kufuatiliwa ziliuzwa kwanza ndani ya Massachusetts yenyewe, jimbo la Boston, na nyingi zilikuwa mpya, tena za nusu otomatiki za aina fulani ambazo vijana walizipenda. Mtu aliyenunua bastola dukani mwaka jana na sasa imekamatwa kwa mtoto wa miaka 16 anaweza kuulizwa maswali. Upande huo wa kazi uliendelea, lakini haukuwa ndio uliobadilisha mambo kwa kasi. Kilichobadilisha mambo ni kitu ambacho askari wa kitengo cha magenge, hasa Paul Joyce, walikuwa wameshakifanya kidogo kidogo kwenye mtaa wa Wendover. Pale vijana walipokuwa wakifyatuliana risasi, askari walijaa mtaani, wakakamata kila kosa hata dogo, wakasema wazi sababu: tumekuja kwa ajili ya risasi, zikikoma tunaondoka. Baadhi ya vijana walizisalimisha silaha zao. Polisi wakaondoka kweli.

Watafiti waliuliza kwa nini jambo hilo lisifanywe kwa makundi yote 61, na lisemwe kabla ya damu kumwagika. Huo ndio ukawa mpango wa Operation Ceasefire, yaani operesheni ya kusitisha risasi.

Namna ulivyofanya kazi inaelezeka kwa maneno machache. Polisi wa jiji, probesheni, waendesha mashtaka wa wilaya na wa serikali kuu, idara ya shirikisho ya silaha, idara ya dawa za kulevya, wachungaji na wafanyakazi wa mitaani walikaa meza moja. Kundi likiua, wote wanaligeukia kundi hilo kwa wakati mmoja. Hawamtafuti muuaji peke yake. Huyu ana hati ya kukamatwa aliyoikwepa, inatekelezwa. Yule anauza unga kona ile, soko lake linafungwa. Mwingine amekiuka probesheni, anarudishwa ndani. Mwingine anaendesha gari lisilosajiliwa. Watu wa kundi moja la kona huwa na makosa mengi ambayo siku za kawaida hayaguswi kwa sababu mahakama zimejaa. Hatari ya kuua, ambayo kwa mtu mmoja ni ndogo kwa kuwa mashahidi hawasemi, inageuka kuwa gharama ya kundi zima. Na kabla ya yote hayo, wanaitwa na kuambiwa.

Mei 15, 1996, katika mahakama ya Dorchester, waliitwa vijana wa kundi lililoitwa Vamp Hill Kings, ambao walikuwa wameanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Mbele walikaa wakuu wa vyombo vile vyote. Luteni Gary French, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha magenge, alikuwa miongoni mwa waliobeba mzigo huo. Vijana waliambiwa kwamba hakuna aliyekuja kuwakamata siku hiyo na kila mmoja atarudi nyumbani. Wakaambiwa kwamba polisi hawajidai kumaliza uuzaji wa unga wala magenge, kwamba kinachozungumzwa ni risasi tu. Mchungaji akazungumza. Mfanyakazi wa mitaani akatoa namba ya simu kwa anayetaka shule, kazi, au kuhama mtaa. Halafu wakaonyeshwa bango la mtu mmoja waliyemfahamu, mwenye rekodi ndefu ya ukatili, aliyekamatwa akiwa na risasi. Bunduki hakuwa nayo, alikuwa na risasi moja tu. Kwa sheria ya shirikisho kuhusu wahalifu sugu alipata miaka 19 na miezi 7, bila uwezekano wa kutoka mapema, tena katika gereza la mbali lisilofikika kwa basi la Jumapili.

Wapo wanaosimulia bango hilo kwa shangwe. Mimi linanitia mashaka: miaka karibu 20 kwa risasi moja ni adhabu ambayo hata walioitumia kama onyo walijua haina ulinganifu na kosa, na nguvu yake ilitokana na hilo hasa. Lakini ni lazima pia kutazama kilichofuata. Kundi la Intervale Posse la Roxbury, lenye jina kubwa kuliko yote, lilionywa na halikusikia. Agosti 1996 viongozi na wauzaji wake, takriban watu 20, walikamatwa kwa pamoja, wengi wao kwa mashtaka ya shirikisho ya dawa za kulevya. Katika vikao vilivyofuata wazungumzaji walikuwa na kitu cha kuonyesha: tuliwaambia hawa, hawakusikiliza, leo hawapo. Baada ya hapo haikuwahi kuhitajika operesheni nyingi za ukubwa ule. Mtaa ulikuwa umeona kwamba neno lililosemwa mahakamani lilikuwa na miguu.

Takwimu zilianguka ghafla. Kati ya 1991 na 1995 Boston ilikuwa ikipoteza watu wapatao 44 kwa mwaka wenye umri wa miaka 24 au chini ya hapo. Mwaka 1996 walikuwa 26, mwaka 1997 wakawa 15. Tathmini ya Braga, Kennedy na wenzao iliona mauaji ya vijana kwa mwezi yamepungua kwa asilimia 63, na simu za kuripoti milio ya risasi kwa asilimia 32. Mwaka 1999 mauaji yote ya jiji yalikuwa 31. Rais Clinton alishakuja Boston, waandishi wa habari walijaa, na mtu fulani akalipa jambo hilo jina la muujiza.

Jina hilo liliwadhuru wote. Muujiza hauna fundi, kwa hiyo kila mmoja alijiona ndiye aliyeufanya. Polisi walisimulia kisa chenye polisi, wachungaji kisa chenye wachungaji, Harvard kisa chenye Harvard. Pia kulikuwa na swali la haki ambalo wakosoaji waliliuliza mapema: mauaji yalikuwa yakishuka kote Marekani miaka ile, New York yakishuka kwa kasi bila mpango wa aina hii, hivyo Boston ingeshuka kwa kiasi gani bila Ceasefire? Richard Rosenfeld na wenzake walilinganisha miji mikubwa mwaka 2005, wakaona kushuka kwa Boston kulikuwa kukubwa, lakini idadi ya mauaji yenyewe ilikuwa ndogo mno kitakwimu kuweza kuthibitisha kwamba chanzo ni mpango huo. Watetezi walijibu kwa kuonyesha kwamba anguko la Boston lilikuja kwa mshtuko, ndani ya miezi, mara tu baada ya vikao kuanza, tofauti na miji mingine ya New England, kanda ya kaskazini mashariki ilimo Boston. Naelemea upande wa watetezi, si kwa sababu ya takwimu za 1996 peke yake. Ni kwa sababu ya yaliyotokea mpango ulipoachwa.

Uliachwa kimya kimya. Hakuna aliyetangaza kuufuta. Kufikia mwaka 2000 vikao vilikuwa vimekoma. French alipewa majukumu mengine. Joyce alipanda cheo akageukia wafungwa wanaorudi mitaani, ambao kweli walikuwa wengi na wenye shida zao. Watafiti walihamia miji mingine iliyotaka muujiza wake. Wachungaji waligombana, mengine yakiwa ya msingi na mengine ya nani aketi karibu na kamera. Vijana 15 au 20 wanaouawa kwa mwaka hawatikisi meya, na meza inayokutana kila wiki kuzungumzia watu ambao hawajauana inaonekana kupoteza muda. Mwaka 2001 mauaji yaliruka hadi zaidi ya 60. Mwaka 2005 yalipita 70. Kizazi kipya cha makundi kilikuwa kimezaliwa, watoto ambao mwaka 1996 walikuwa na miaka 6 na 7, ambao hakuna aliyewahi kuwaita mahakamani na kuwaambia lolote.

Edward Davis aliposhika ukamishna wa polisi mwishoni mwa 2006, moja ya hatua zake za awali ilikuwa kumpandisha cheo Gary French na kumrudishia kazi ile. Mwaka 2007 vikao vilianza tena, vikilenga kwanza kundi la Lucerne Street Doggz. Safari hii tathmini ilipangwa vizuri zaidi: makundi yaliyoitwa yalilinganishwa na makundi yanayofanana nayo ambayo hayakuitwa. Ufyatuaji risasi uliohusisha yale yaliyoitwa ulipungua kwa takriban asilimia 31 kuliko wenzao. Si muujiza tena. Ni dawa ya kawaida yenye kipimo, na inakwisha nguvu usipoimeza.

Kuna gharama moja ambayo wasifu wa Ceasefire huipita haraka. Orodha ya 1995 iliandikwa kutoka vichwani mwa watu waliowajua vijana, kwa ajili ya swali maalumu. Baadaye polisi wa Boston waliendesha hifadhidata ya magenge inayotoa alama: kuonekana na mtu aliyemo, nguo fulani, mahali fulani. Alama zilipofika 10 mtu aliandikwa mwanachama wa genge, na hakuna aliyemwarifu. Mhamiaji kijana kutoka El Salvador aliyeomba hifadhi alikataliwa kwa sehemu kwa sababu ya alama hizo, alizozipata kwa kukutwa na vijana wenzake, bila kushtakiwa kwa kosa la jinai. Januari 2022 majaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Boston waliutupilia mbali uamuzi huo, wakisema hifadhidata hiyo haikuaminika. Ile ile nguvu ya kuwajua wachache, ikitolewa mikononi mwa wanaowajua na kuingizwa kwenye mfumo, inaanza kuokota yeyote aliye karibu.

Na kuna kisa cha Michael Cox. Usiku wa Januari 25, 1995, miezi ambayo watafiti walikuwa wakianza kazi yao, Cox alikuwa askari wa kitengo cha magenge, mweusi, aliyevaa kiraia, akimfukuza mshukiwa wa mauaji kwenye mtaa wa Woodruff Way, Mattapan. Askari wenzake walimdhania ndiye mshukiwa. Walimpiga kichwani, wakamponda figo, na walipotambua ni nani wakamwacha pale. Hakuna aliyekiri, na hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kipigo chenyewe. Ukimya ambao polisi walikuwa wakiulalamikia mitaani ulikuwa umejaa ndani ya jengo lao. Cox aliishtaki idara, jiji likamlipa, na hakuondoka jeshini isipokuwa baadaye, alipokwenda kuongoza polisi wa Ann Arbor, Michigan. Agosti 2022 alirudi Boston kama kamishna.

Chini yake, mwaka 2024, Boston ilihesabu mauaji 24, idadi ndogo kuliko miaka mingi sana iliyopita. Meya Wu alitaja makubaliano mapya na chama cha askari, wachungaji, kazi za vijana na orodha nyingine ya mtindo wa 1995 iliyolenga watu wachache na mitaa michache. Wapelelezi walitaja kitengo cha mauaji kilichoongezewa nguvu tangu 2012, kwa hoja kwamba kesi inayotatuliwa huzuia kisasi. Mwaka huo huo mauaji yalishuka karibu kila jiji kubwa la Marekani, Baltimore na Philadelphia zikiwemo, na wataalamu wameshaanza kubishana upya kuhusu kiasi gani cha anguko hilo ni cha Boston yenyewe. Safari hii angalau kuna jambo moja la kufuatilia: iwapo meza ile bado itakutana katika mwaka ambao hakuna mwandishi wa habari anayeuliza.